Chai ya Kizuka

Mwezi uliopita, siku ya khitma ya kumwombea marehemu Shangazi Zuwena, Saumu alipoingia ukumbini wanawake waliokaa mkekani walijisogeza wakampa nafasi ukutani, mahali pazuri panapopata upepo wa dirisha. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la tende. Tangu asubuhi sikuwa nimekaa, na hakuna aliyewahi kujisogeza kwa ajili yangu. Nilimtazama akivua viatu, akimpakata mwanawe, akipokea msahafu kwa mkono wa kulia na kuubusu, na kabla sijakumbuka hata moja kati ya mambo ambayo ningepaswa kuyakumbuka nilipomwona, nilihisi kitu kikinichoma kifuani. Kijicho. Nina miaka ishirini na tisa, nina shahada, nina meza yangu ofisini na kiti kinachozunguka, na bado nilimwonea kijicho mwanamke kwa sababu ya upepo wa dirisha. Usiku sikuwa na haja ya kujiuliza kimetoka wapi. Nilijua. Kilitoka mwaka ule niliokaa na Shangazi mtaani Kiponda, katika nyumba ile ile, mwaka niliomaliza masomo na mumewe akafariki.

Nilikuwa nimerudi kwetu Kiembe Samaki na cheti cha shahada ya takwimu na barua za maombi ya kazi nilizozipeleka kila ofisi iliyokuwa na mlango. Simu yangu nililala nayo juu ya kifua. Ikitetemeka, natetemeka, isipotetemeka, natetemeka zaidi. Nilikuwa mtu wa kufikiri, na kufikiri kwangu hakukuwa na mwisho wala faida: mtu akinisalimu kwa haraka, nilikaa siku nzima nikijiuliza nimemkosea nini. Basi Mzee Haji, mume wa Shangazi, alipofariki, ikaonekana kwamba mimi ndiye sina kazi, kwa hiyo mimi ndiye nikakae na mfiwa. Shangazi hakujaaliwa kupata mtoto. Angekaa eda miezi minne na siku kumi, ndani, kwa nguo nyeupe, bila wanja, bila hina, bila manukato ya aina yoyote, kama akaavyo kila mwanamke wa kwetu aliyefiwa na mumewe. Mwanamke huyo kwetu huitwa kizuka, na kizuka hakai peke yake.

Nilidhani nakwenda kumliwaza. Siku ya tatu tu ilidhihirika nani anamliwaza nani. Baada ya sala ya alfajiri alinikuta nimejiinamia ukumbini na simu mkononi, natazama kioo kisicho na ujumbe. Akasema, "Raya, nifuate." Jikoni kwake kulikuwa chumba chembamba ghorofa ya juu kabisa, kimefunguka upande mmoja kwenye kijiuwanja ambako mchaichai uliota ndani ya ndoo tatu kuukuu za rangi. Alinionyesha namna ya kukata: majani ya nje kwanza, karibu na shina, usiyavute. Unayaosha, unayakunja, unayafunga fundo kama unavyofunga kitambaa. Maji yanachemka kwenye birika, unalitia fundo, unatia vipande viwili vya tangawizi mbichi, halafu unaliondoa motoni na kulifunika. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana baada ya kulifunika hakuna cha kufanya. Unakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na kungoja.

"Nangoja mpaka lini, Shangazi?"

"Mpaka iwe tayari."

"Dakika ngapi?"

"Hebu liweke hilo lisimu lako. Ukipika chai, pika chai. Kazi yako haimo ndani ya birika hili, nshachungulia."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani. Tukaingoja. Chini tuliwasikia wauza mkate wa boflo wakipita na baiskeli, mtu akifungua mlango wa duka kwa kelele, paka wa jirani akitukanwa. Harufu ya mchaichai ilipanda taratibu, ile harufu ya limau lisilo na ukali, na nilipokunywa kikombe cha kwanza, bila maziwa, na sukari kidogo tu, moyo wangu uliokuwa ukikimbia tangu nimalize mitihani ulitulia ukaanza kutembea. Sikwambii ni dawa. Labda ilikuwa kule kukaa tu. Lakini kwa siku kumi na mbili nilikuwa na asubuhi ambazo zilikuwa zangu na Shangazi, na nililala nikizingojea kama watoto wanavyongojea Sikukuu.

Siku ya kumi na tatu akaja Saumu. Alikuwa mtoto wa Bi Mize, dada wa Mzee Haji, kutoka Makunduchi, umri wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mikono imekauka kwa maji ya chumvi kwa sababu yeye na mamake walilima mwani. Mpango ulikuwa asaidie eda ya mke wa mjomba wake, na eda ikimalizika abaki mjini ajifunze cherehani kwa fundi mmoja mwanamke wa Kikwajuni ambaye Shangazi alishazungumza naye. Alifika na kikapu cha mihogo na ndizi, akapiga magoti mbele ya Shangazi, akamshika mikono na kumsalimu kwa Kikae, lugha ya kwao. Shangazi, ambaye hakuwa amelia mbele yangu hata siku moja, alilia. Kisha akajibu kwa Kikae kile kile. Miaka thelathini aliisikia lugha ile kwa mumewe, mto mmoja. Mimi sikujua hata kama anaijua.

Kesho yake niliamka kwenda jikoni nikakuta birika limeshafunikwa. Saumu amekaa juu ya kibao changu cha mbuzi, miguu ameinyoosha, hafanyi lolote, hahesabu, wala hana wasiwasi.

"Da Raya, nshapika. Nimekuamsha?"

"Hujaniamsha. Ila mimi ndiye ninayepika."

"Ah, basi pumzika. Msomi hapiki."

Alisema kwa mapenzi, najua sasa. Wakati ule nililigeuza neno lile "msomi" kichwani mpaka adhuhuri, nikalipa maana saba na zote mbaya. Shangazi alikunywa kikombe kimoja, akaomba cha pili. Kwangu mimi hakuwahi kuomba cha pili. "Mwanangu, mkono wako huu," alimwambia Saumu. "Chai yako ina utulivu." Na Saumu alimwita "Mama", akaitikiwa "Naam", na mimi niliyekuwa damu yake nikabaki na "Shangazi" yangu mdomoni kama kokwa.

Nilifanya wanachofanya watu wa aina yangu: nilichunguza. Niliandika kwenye daftari idadi ya majani aliyokata, unene wa tangawizi, muda ambao birika lilifunikwa. Niliamka kabla yake mara mbili nikapika kwa kipimo kile kile, na mara zote mbili Shangazi alikunywa nusu, akasema "Ahsante, mwanangu," kwa sauti ya kumshukuru mtu aliyekupisha njiani. Nikaanza kusikiliza mlangoni. Nilisimama ngazini bila viatu nikiwasikia ndani wakizungumza Kikae, sikupata hata neno, na kila walipocheka niliamini nimetajwa. Siku moja nilimuuliza Saumu wanazungumza nini.

"Mjomba," akasema. "Alikuwa mchekeshaji sana alipokuwa mtoto. Mama yangu kule shamba kanihadithia, nami namhadithia Mama huyu."

Ndipo nilipofahamu kwamba sitashinda. Mimi nilileta majani na maji ya moto. Yeye kila asubuhi alimletea Shangazi mumewe, mzima, katika lugha yake, kikombe kikiwa kisingizio tu. Mtu mwenye akili timamu angefurahi kwa ajili ya mjane yule. Mimi nilikwenda sokoni Darajani kutafuta cha kumzidi.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa eda, siku ya Alkhamisi. Nilinunua mdalasini, nikaurudisha. Nilinunua hiliki, nikakumbuka Saumu alishawahi kuitia. Nikirudi, alasiri, nikawapita wanawake wanaouza asumini kwenye jani la mgomba, vitumba vyeupe bado havijafunguka. Nikakumbuka maji ya kunywa ya harusini, yale yaliyolazwa na asumini, namna watu wanavyofumba macho wanapoyanywa. Nikanunua fungu. Hapa ndipo ninapopashangaa mpaka leo. Mimi niliyekuwa nikifikiri kila jambo mara kumi, niliyeacha manukato yangu yote Kiembe Samaki kwa kuchelea nguo zangu zisinukie mbele ya kizuka, niliyebadilisha hata sabuni, nilibeba asumini mkononi nikazipandisha ngazi za nyumba ya eda na halikunijia wazo. Kichwani mwangu ilikuwa chai. Chai ni chakula. Nilizilaza asumini katika bakuli la maji, nikalifunika, na alfajiri nikapika kwa maji yale kabla Saumu hajamaliza kusali.

Shangazi alikuwa kitandani, ameegemea mito, tasbihi mkononi. Nilimpa kikombe. Alikileta mdomoni, akasita, akanywa funda moja, akanitazama.

"Umetia nini, Raya?"

"Kitu kidogo tu, Shangazi. Nzuri?"

Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesikia hatua za mgeni asiyemtaka. "Asumini," akasema. "Umemnywesha kizuka asumini." Na hapo hapo nikaelewa, yote kwa pamoja. Kwetu asumini ni ua la kitanda. Ni la bibi harusi, la mke anayemngoja mume usiku. Akaninyooshea kikombe, "Ondoa. Fungua dirisha," na chini mtu akabisha, "Hodi! Hodi, wenyewe!" Akageuka ghafla, chai ikamwagika kifuani pake, kwenye nguo nyeupe.

Ilikuwa Ijumaa, nami nilisahau hata hilo. Kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri Bi Ruzuna, jirani wa nyumba ya pili, alikuja na wenzake wawili kumsomea marehemu Yasini. Walikuwa wameshapanda. Bi Ruzuna alikuwa mwanamke mnene mwenye pua iliyojua kila nyumba ya Kiponda imepika nini. Alisimama kizingitini.

"Salaam alaykum. Ala! Nnasikia asumini au pua yangu inazeeka?"

Akasogea kitandani, akainama kumbusu Shangazi, akainuka taratibu.

"Bi Zuwena. Ni wewe unayenukia."

"Chai imenimwagikia," Shangazi akasema.

"Chai ya asumini? Katika eda? Mume hajamaliza hata miezi minne kaburini!" Aliwageukia wenzake, na nikaona maneno yakipita kutoka jicho hadi jicho, tayari yanashuka ngazi, tayari yako Mkunazini, yako Malindi. "Nani kapika chai hii?"

Wakati huo Saumu aliingia na sahani ya boflo. Kila aliyewahi kuja nyumba ile alijua nani anapika chai. Mimi nilikuwa dirishani, mkono juu ya komeo. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo, na ndani yake mlikuwa na maneno mengi mno: kwamba sikukusudia, kwamba nilidhani ni chakula, kwamba nina barua katika ofisi tatu na mume wa Bi Ruzuna anafanya kazi katika moja yao. Nilikuwa bado nayapanga nilipomsikia Shangazi.

"Saumu, mwanangu," akasema kwa upole, "nenda kaniletee nguo nyengine."

Hakusema zaidi. Hakusema uongo. Lakini Bi Ruzuna alitikisa kichwa kama aliyejibiwa. "Ndiyo haya. Mtoto wa shamba, mambo ya eda atayajulia wapi?"

"Si mimi," Saumu akasema.

"Usijibizane na watu wazima!"

Saumu akanitazama. Sikumbuki nimewahi kutazamwa vile, wala sikumbuki nilitazama nini mimi, nadhani komeo. Kisha akaweka sahani chini akaenda kuleta nguo.

Habari zilifika Makunduchi kabla ya Jumapili. Huko zilikuwa nzito kuliko mjini, maana huko aliyekufa ni wao: mtoto wa dada yake mwenyewe kamtia mjane wake asumini. Bi Mize alikuja Jumatatu kumchukua bintiye. Alikuwa na baibui la kushikilia kwa mkono, alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa mahakamani, na akamwomba Shangazi radhi kwa ajili ya mwanawe, maneno marefu, macho chini. Shangazi akasema yameshapita. Cherehani haikutajwa. Mimi ndiye niliyemletea Bi Mize chai. Aliipokea kwa mikono miwili akasema, "Mwenyezi Mungu akuweke, mwanangu, wewe umelelewa." Saumu alishuka ngazi mbele yake na kikapu kile kile, hakuniaga.

Walipoondoka nilikwenda kwa Shangazi, nikapiga magoti pale alipopiga Saumu. Nilitaka kusema kwamba nitamwambia Bi Ruzuna ukweli. Kabla sijaanza akanizuia kwa mkono.

"Wewe ni mtoto wa kaka yangu," akasema. "Usinifanye niliseme hilo mara ya pili."

Basi nilikuwa nimechaguliwa. Tangu aje Saumu nilitaka jambo lile moja, nijue kwamba kati yetu wawili mimi ndiye wake, na sasa nilijua, tena kwa njia ambayo hakuna kikombe kingeweza kunionyesha. Kesho yake nilipika mchaichai kama alivyonifundisha, nikaungoja bila simu, nikampelekea. Akauangalia. "Nipe maji ya moto matupu," akasema. Na ikawa hivyo mpaka eda ikamalizika, na miezi yote iliyofuata niliyokaa naye hadi nilipopata kazi, na kwa nilivyosikia kwa waliomuuguza, mpaka mwisho. Hatukuzungumza Kikae, sikijui. Tulikunywa, yeye maji yake, mimi chai yangu, tukisikiliza baiskeli. Alikuwa mwema kwangu kupita kiasi. Alinitafutia kazi kwa watu aliowajua, aliniita mwanangu. Mara nyingine nilimkuta amekaa peke yake akitikisa midomo, na nikajua si uradi bali Kikae, maana alikuwa akitabasamu. Na mimi, niliyeufukuza ule uso uliomchekesha, niliuonea wivu hata ulipokuwa haupo.

Miaka sita nimeyafikiri haya. Nimejitetea, nimejihukumu, nimekata rufaa. Nimejiambia ni ua tu. Nimejiambia Saumu angechoka na cherehani. Lakini kufikiri hakujawahi kumfikia mtu Makunduchi, na siku ya khitma, nilipomwona akipewa ile nafasi ya dirishani, nilijua kwamba Shangazi keshakwenda na sasa waliobaki wanaojua ni wawili. Ijumaa iliyofuata nikaomba ruhusa kazini, nikaenda.

Nilimkuta uani kwao akipepeta mchele, mtoto kalala mkekani. Tulisalimiana vizuri. Nikaanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazuri na nikayasema yote, na yeye akaendelea kupepeta.

"Nnajua," akasema nilipomaliza. "Tangu siku ile. Pua nnayo."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema si mimi. Nani alinisikia?" Akapuliza makapi. "Da Raya, mimi ninayejua unaniambia ya nini? Kamwambie asiyejua."

Akanionyesha kwa ungo. Upande wa pili wa ua, kivulini mwa ukuta, Bi Mize alikuwa akitandaza mwani mkavu, amezeeka kuliko miaka sita. Nilivuka ua ule. Ni hatua kama ishirini, na katika zote nilitafuta namna ya kulisema lionekane dogo.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wa kaka yake Bi Zuwena huyu! Karibu, karibu. Saumu! Mgeni kaa naye, mtilie chai."

"Hatokunywa kwanza, Mama," Saumu akajibu kutoka alipokuwa, bila kuinua sauti. "Ana neno."

Nikalisema. Lilikuwa fupi kuliko nilivyodhani, halikutimiza hata pumzi mbili: asumini zilinunuliwa na mimi, zilitiwa na mimi, na nilipomsikia mwanao akisema si yeye nilinyamaza. Bi Mize alisimama na mwani mikononi, akinitazama kama anayejaribu kukumbuka sura yangu, kisha akaniacha akamgeukia bintiye.

"Saumu," akaita. "Njoo."

Saumu akaweka ungo chini, akaja. Mamake akamshika uso kwa mikono ile miwili yenye chumvi na mchanga, akamwangalia. "Kila mwezi wa Ramadhani nilikwambia uombe radhi kwa mjomba wako," akasema. "Kila Ramadhani ukaniambia si wewe. Nami nikakupiga mdomo." Kisha akaendelea kwa Kikae, polepole, na Saumu akajibu, paji la uso juu ya bega la mamake. Sikufahamu hata neno moja. Nilisimama juani karibu nao, hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke, na Mungu anisamehe, hata pale, hata kwa hilo, nilimwonea wivu.